Siku Tisa Katika Gari-Nyumba

Papa,

Juzi nimeiona ile gari tuliyokodi. Ilisimama mbele ya karakana ya mwenye gari, mtaa wa Kenya hapa mjini kwetu, milango wazi, magodoro yameanikwa juu. Bwana mmoja na mke wake walikuwa wakionyeshwa jinsi ya kuwasha jiko la ndani. Yule mama alifungua makabati na kuyafunga, anacheka. Nilisimamisha kamionette yangu na mboga zote nyuma, nikawatazama mpaka polisi wa barabara akanipigia filimbi. Nilitaka kumwambia: mama, usicheke bado. Muulize kwanza bwana wako kwa nini amekuchagua wewe.

Miezi minne sasa uko chini ya udongo, na sijakuandikia kwa sababu kila nikianza mkono unakuwa mkali.

Unakumbuka ulivyokuja kwangu, majira ya baridi, kofia juu ya goti? "Mado, tuende tuone inchi yetu, miye na weye. Nilitumika maisha yote mu hii Katanga, sikuionaka." Ulikuwa umeshaongea na mwenye gari. Vitanda viwili, jiko, tangi la maji, choo kidogo kama sanduku. Una watoto watano, Papa. Mdogo wangu Fidèle ana diplome na nyumba kubwa Afrika Kusini. Ukanichagua mimi, muuza mboga. Nilikwenda jikoni nikalia kwa furaha, mwanamke wa miaka arobaini na sita.

Tulipofika mji wa Likasi uliniambia nisimame chini ya miti, karibu na nyumba za wafanyakazi. "Ngojea kidogo, niende kusalimia rafiki ya kazi." Kidogo hiyo ilikuwa saa tatu nzima. Ulirudi macho mekundu, ukala bukari yote, ugali niliousonga kwenye lile jiko dogo. Kolwezi ilikuwa vilevile. Tulifika kwa shangazi Hortense, dada yako ambaye hamkusemezana naye tangu nikiwa msichana. "Bakia mu gari, mama," ukasema. Nikabaki. Kwa kile kidirisha cha juu ya sinki niliona Hortense amekukumbatia kichwa, mabega yako yanatetemeka. Nikasema moyoni, wazee wanakumbukana. Nilifurahi kwa ajili yako. Mjinga mimi.

Kisha tukaacha miji. Barabara ya kwenda kwenye maporomoko ya Kiubo ilitutikisa mpaka sufuria zikaruka kabatini, na wewe ukacheka kama sijawahi kukusikia ukicheka. Tulipopita na kupanda kuelekea mbuga ya Upemba, pundamilia sita walisimama kwenye majani makavu wakatutazama. Ulivua kofia, kama mtu anayemsalimia chef, mkubwa wake wa kazi. Siwezi kukunyang'anya siku hizo. Zilikuwa nzuri, na ndiyo maana zinaniuma.

Ile asubuhi ya mwisho, tumerudi Kiubo, tulikaa kwenye vile viti vya kukunja. Mto Lufira unaanguka mbele yetu, moshi wa maji unatulowesha uso. Uliweka mkono juu ya goti langu. "Mado. Kuko neno." Nikangoja. Nilingoja sana, Papa. Maji yakanguruma, ukayatazama, ukalamba midomo. Ukasema, "Sukari haitoshi mu chai."

Nikasimama nikaenda kuleta sukari.

Wiki tano baadaye moyo wako ukasimama, mchana, ukiwa umekaa mlangoni. Kwenye kilio nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake, nasonga bukari ya watu mia. Upande wa wanaume nilimsikia Papa Ilunga, yule rafiki yako wa kazi wa Likasi, akisimulia. Alifukuzwa kazi kwa wizi wa nyaya; wewe, chef wa wafanyakazi, ulimjua mwizi wa kweli, ukaitia sahihi barua ya kumfukuza hivyohivyo. "Lakini alikuya na ile gari, akapiga magoti mbele yangu. Muzee kama ule! Nikamusamehe." Shangazi Hortense, karibu yangu, akaitikia: "Na miye vilevile. Alinikamata mikono, akasema, dada, nilikukosea."

Mwiko ulisimama mkononi mwangu. Kumbe haikuwa safari ya kuona nchi. Ulikuwa unazunguka kuomba msamaha, mji kwa mji, na mimi nilikuwa dereva. Dereva na mpishi na mtu anayejua saa za dawa zako. Wote ulishuka ukawaendea. Mimi nililala mita moja kutoka kichwani kwako usiku nane.

Halafu Fidèle, aliyeshuka uwanja wa ndege wa Luano asubuhi ileile, akasimama na karatasi kusoma historia ya marehemu. Alipofika kwa watoto akasoma: "Mado alikataa masomo, lakini Papa hakumutupa." Watu wakasema amina.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kaku, mama yako, alianguka kule Kasungami, upande mmoja wa mwili ukafa. Ulinikuta kwenye mlango mkubwa wa shule, nguo zangu ziko tayari ndani ya mfuko. "Ni ya siku kidogo tu, mama." Zikawa miaka sita. Nilimgeuza, nilimwosha, nilimlisha kwa kijiko. Simlaumu Kaku, alikufa akinishika kidole. Lakini mwalimu mkuu alipokuja kule kwa Kaku kuuliza mbona haji tena yule wa kwanza kwa hesabu, ulimjibu mbele yangu: "Yeye mwenyewe hapendi tena masomo." Nikainamisha kichwa. Mtoto hamkatalii baba mbele ya mgeni. Tangu siku ile, ukoo mzima unanijua hivyo, hata wanangu wananijua hivyo.

Siku ya maziko sikusema. Niligawa chakula. Lakini siku ya kuondoa kilio, familia yote imekaa, nilisimama. Nikasema, "Sikukataa masomo. Ni Papa njo alinitoa mu masomo." Maneno hayo tu. Hortense akanivuta kitambaa: "Mado, mufu anajibu nini? Acha alale."

Baadaye Fidèle alinifuata uani. "Ya Mado, dada yangu mukubwa, miye nilijua. Nilikuona ukilia pa mulango ya shule. Lakini ni yeye mwenyewe aliandika. Nilisoma tu." Akanitolea ile karatasi. Ni mkono wako, Papa, zile herufi zako za ofisini. Uliiandika baada ya safari. Umetaja mpaka maji ya Kiubo. Na kwenye jina langu uliandika kwanza kitu kingine, ukakifuta na kukifuta kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Juu yake ndipo ukaandika kwamba nilikataa.

Niliishika kuelekea jua. Niliona tundu tu.

Sijui ni aibu au ni uoga. Labda ulifikiri mtoto haombwi msamaha, mtoto anapewa tu safari. Mbele ya Papa Ilunga magoti yako yalikunjika. Mbele yangu, hapana.

Basi, Papa, nakuaga. Kaburi lako nitalipalilia, majani hayataota nikiwa hai. Wanangu nimewakalisha nikawaambia ukweli, wakubwa kwa wadogo, na wajukuu wataambiwa. Sijakusamehe. Lakini siku nikiweza sitakuletea maua badala ya maneno, wala sitamtuma mtu. Nitakuja mwenyewe, nitasimama karibu na kichwa chako, nitalisema neno hilo la msamaha kwa sauti, lote, mpaka mwisho.

Mado