Bahari mu Saloni ya Muzee Henri

Baraka, tarehe 4 mwezi wa tatu 2024

Fanny mutoto wangu,

Nakusalimia katika jina la Bwana. Uko muzima? Na kiuno, inavumilia ile baridi ya Ubelgiji? Siye tuko wazima, ila mvua haitaki kupumzika na ziwa linapanda. Pale tulikuwa tunaanika ndagala, leo ni maji ndiyo yanaanikwa. Naandika ku karatasi, Vainqueur wa duka atapiga picha akutumie, maana vidole vyangu na telefone havisikilizane.

Bon. Jana kisha ibada nilisimama mbele ya bamama ba kwaya, nikabaambia: mutoto wangu amepewa bahari aichunge! Muzee Henri, yule Fanny anamusaidiaka kuoga na kula, ameanguka, amevunjika mufupa ya paja, iko ku hospitali. Bahari yake ya mu saloni, mule anapokeaka wageni, na samaki zake zote, amemuachia nani? Si jirani. Ni Fanny!

Tantine Clarisse akacheka: "Bahari mu saloni? Na hizo samaki banazikula lini?" Nikamujibu nitauliza. Sasa nauliza: banazikula lini?

Miye mama yako,
Émilienne

Liège, 12 mwezi wa tatu

Mama yangu mupendwa,

Jambo sana. Barua imefika, hata doa ya mafuta ku pembeni nimeiona, nikasikia njaa. Kiuno inalia asubuhi tu, kisha inanyamaza.

Haziliwe, Mama! Ni za kuangalia. Ni sanduku ya vioo, ndefu kama kitanda, na ndani mawe ya bahari yenye uhai, yenye kufunguka kama maua, na samaki Muzee anaziita labres. Ni samaki laini, zinaogopesha kuchunga. Zikishtuka zinaruka, ndiyo maana yulu ya sanduku kuna wavu. Zinakula kidogo, lakini mara mingi, kama mutoto mwenye kutoka ku ugonjwa. Kuna dume nyekundu na bibi zake. Usiku dume inajifunika shuka ya ute wake mwenyewe na kulala ndani. Na kuna kadogo ka madoadoa, miye namuita Madoa. Huyo analala chini ya muchanga. Alifika siku kidogo mbele ya Muzee kuanguka, akaingia mu muchanga, na mpaka leo sijamuona tena.

Tangu bibi yake afariki, hizo samaki ndizo zinamuamusha Muzee asubuhi. Kila siku anapiga telefone: "Yule mupya anakula?" Na miye najibu: "Anakula, Muzee." Mama, nasema uongo. Siku banamubeba ku hospitali aliniuliza kama nitaweza. Nikamujibu: "Miye mutoto wa Baraka, baba yangu alikuwa muvuvi, samaki zinanijua." Kisha maneno kama ile, nitaanza kuuliza namna gani?

Nichimbe muchanga nimutafute? Na kitu ingine: taa ziko moto, maji inapungua kila siku. Muzee ndiye alikuwa anaongeza. Ku jikoni kuna bidoni mbili, moja ya maji ya chumvi, moja ya maji bila chumvi. Weye ungeongeza gani?

Mutoto wako,
Fanny

Baraka, 19 mwezi wa tatu

Fanny wangu,

Salamu mingi, na Mungu akuongezee nguvu. Uliuliza pale panafaa.

Usichimbe! Bibi-arusi akifika kwa bakwe zake anajificha mu chumba. Nani anamuvuta muguu? Unamuwekea chakula ku mulango na kujifanya haumuangalie. Miye nilipoolewa kule Mboko, mama mukwe alinipikia samaki ya mikeke mpaka haya ilinishinda, nikatoka mwenyewe na sahani mukononi.

Maji nayo inakusumbua? Maji iliyopotea ni ya bahari, unarudisha ya bahari. Maziwa ikipungua mu kikombe, unajaza maziwa, haujaze chai! Miye ni mutoto wa muvuvi, bibi wa muvuvi, nimekaa na maji tangu nizaliwe. Tantine Clarisse alitaka kusema kitu, nikamukata. Yeye kazi yake kuuzisha nguo za vikwembe, anajua maji gani?

Mama yako, mwalimu wa bahari,
Émilienne

Liège, 14 mwezi wa ine

Mama,

Salamu, na unisamehe, leo sina nguvu ya salamu ndefu.

Bibi-arusi alitoka! Nilikuwa napanguza kioo, nikaona kichwa mu muchanga, kisha yeye muzima, akakula. Siku ile nilimuambia Muzee "anakula" na ilikuwa kweli. Hakujua kama ni mara ya kwanza.

Lakini kisha hapo mambo iligeuka. Mawe yenye uhai ilijifunga. Samaki zikaanza kupumua mbio-mbio kama mutu mwenye kupanda mulima na gunia. Dume nyekundu ilikataa chakula, na leo asubuhi nimeikuta imelala ubavu. Imekufa. Madoa amerudi mu muchanga. Maji naiona safi, naongeza kila siku vile uliniambia.

Muzee amepiga mara mbili. Sijapokea.

Fanny, mutoto wako

Baraka, 15 mwezi wa ine

Fanny,

Pole, mama, pole sana. Nimesoma nikiwa nimesimama, Vainqueur ananingojea na telefone, kwa hiyo sikia maneno mafupi.

Pokea. Umuambie yote, hata ile "anakula" ya uongo. Zingine bado ziko hai, na mwenye kuzijua ni yeye, si weye, si miye. Ukiogopa, umuambie shauri ya maji ilitoka kwa mama yako, anaitwa Émilienne, anakaa Baraka, anitukane miye. Kulia utalia kesho. Leo piga.

Mama yako

Liège, 28 mwezi wa ine

Mama mupendwa,

Jambo. Niko muzima ku mwili.

Nilimuambia. Aliniambia nifungue kamera. Kisha: "Weka telefone ku kioo." Akaangalia. Akauliza nilitumia bidoni gani. "Fanny, maji ndiyo inaenda hewani, chumvi inabaki. Ulikuwa unaweka chumvi yulu ya chumvi." Alinionyesha kupima chumvi ya maji, kisha kuongeza ile bila chumvi kidogo tu, na kungoja mpaka kesho, maana kuinyoosha yote mara moja ingeziua pia.

Hakunitukana. Alisema: "Dume nitamulilia. Lakini ile 'anakula' uliniambia wakati haujamuona, miye nilikuwa nalala na hiyo neno." Akakata.

Sasa hanipigie tena, muforomo mwenye kuchunga wagonjwa ku hospitali ndiye ananiletea maagizo. Bibi za dume zinakula. Madoa hajaonekana.

Mutoto wako,
Fanny

Baraka, 10 mwezi wa tano

Fanny wangu,

Amani kwako. Nimekawia: ziwa liliingia mpaka mu duka ya Vainqueur, amehama na vitu yake yote. Nyumba yetu iko salama, tuna afya, tuna na mbu.

Barua yako niliisoma mboga ya sombe ikiwa ku moto. Ilikauka, nikaongeza maji. Nikabaki nimesimama na mwiko mukononi. Miaka yote sombe ikikauka naongeza maji, sijaongezaka chumvi hata siku moja! Kumbe nilijua, majivuno ndiyo ilikimbilia kujibu.

Nilienda mbele ya kwaya nikasema: ile samaki ya Ulaya ni miye niliiua, nikiwa hapa hapa Baraka. Clarisse akasema: "Ile siku nilitaka kukuambia, ukanikata." Nikamuacha aseme mpaka achoke. Hakuchoka.

Muzee akirudi, akikuuliza kitu haujue, sema haujue. Haiue mutu.

Mama yako mwenye kukupenda,
Émilienne

Liège, 2 mwezi wa sita

Mama yangu,

Jambo, na jambo kwa bamama bote. Muzee amerudi! Anatembea na fimbo mbili. Hata koti hakuvua, alienda kukaa mbele ya kioo.

"Yule mupya yuko hai?"

"Sijui, Muzee. Tangu dume ife sijamuona."

Akasogeza fimbo zake pembeni. "Bon. Leta kiti yako."

Tukakaa mpaka taa zikafifia. Bule, Madoa hakutoka. Kesho yake vilevile. Labda alikuwa anatoka wakati niko kwa wagonjwa wangu wengine, nani anajua. Juzi tukiwa tunakula mukate, akatoka nyuma ya jiwe, mwembamba kama uzi, akadokoa chakula. Muzee alinishika mukono kwa nguvu, mukate ikaanguka mu chai.

Kisha alinionyesha ku telefone samaki za muuzaji. "Tunatafuta dume ingine. Chagua weye." Nikamuambia tungoje, sijui bado kama maji imenyooka, anifundishe kupima muzuri kwanza. Alicheka mpaka paja ikamuuma. Kila asubuhi sasa tunapima, yeye anasema, miye nashika.

Mama, ukisimama mbele ya kwaya, tafadhali usiseme mutoto wako anajua bahari. Sema anauliza.

Mutoto wako,
Fanny

Baraka, 9 mwezi wa sita

Fanny wangu,

Salamu kwako, kwa Muzee na kwa bibi-arusi. Maji inaanza kurudi nyuma, Mungu asifiwe.

Nilisimama, nikasema vile uliagiza: Fanny hajue bahari, Fanny anauliza. Kisha niliongeza kidogo, kidogo tu, kwamba mu Fizi yetu yote hakuna mutu anajua kuuliza kama mutoto wangu.

Mama yako,
Émilienne