Taa za Nyuma Ulizonikumbusha

Mke wangu mpenzi,

Natumaini u mzima na masomo yako ya uuguzi yanakwenda vizuri. Sisi hatujambo. Binti yako aling'oka jino la mbele, sasa anacheka akiwa ameziba mdomo. Mama yangu anakusalimu sana; anasema tangu uondoke nimekonda.

Mpenzi, zile taa za nyuma za gari ulizonikumbusha, sikuzitengeneza. Jumamosi mimi na binti yetu tulichelewa kuondoka kwa mama, giza likatukuta njiani. Nilipopunguza mwendo kwenye kona, nikasikia breki za lori zikilia nyuma yetu. Lilisimama hatua moja tu kutoka tulipokuwa.

Dereva wake, mtu wa makamo, alishuka amefura. "Wewe, unataka kuniua au kujiua?" Kisha akamwona mtoto amelala kiti cha nyuma. Akaketi kando ya barabara.

"Sikuwaona kabisa, ndugu yangu," akasema. "Haya, tangulia polepole. Mimi nitakuwa nyuma yenu."

Akatusindikiza hadi mtaani kwetu, taa zake za hazadi, zile za tahadhari, zikiwaka na kuzima njia nzima.

Jumatatu fundi umeme alikuta waya mmoja tu umeliwa na kutu, kazi ya robo saa. Robo saa, mke wangu! Nililia palepale gereji, mbele za watu.

Mtoto hajui lolote. Ukipiga simu, nigombeze kwanza mpaka utosheke, ndipo uniulize habari za nyumbani.

Mimi mumeo, nikupendaye.