Baba, Nimefundisha Habari za Wahugenoti Wako

Baba,

Nisikilize na usinikatize, maana leo zamu ni yangu. Wazee wa kanisa wamenipa darasa lako la Jumapili. Mimi! Yule uliyesema ana mdomo kuliko akili. Basi mdomo huo umepata kazi.

Mama yuko salama. Theluji imeanza kuyeyuka hapa Weston, na koti lako la kazini bado linaning'inia nyuma ya mlango, hakuna aliyethubutu kuligusa. Nimekukumbuka, Baba, mpaka kifua kinauma.

Jumapili iliyopita nilianza na Wahugenoti, wale Waprotestanti wa Ufaransa ya zamani, kama ulivyofanya wewe kila mwaka. Jinsi mfalme wa Ufaransa alivyotaka watu wote wasali kwa njia yake ya Kikatoliki, akawapelekea Waprotestanti askari wakae ndani ya nyumba zao na kula chakula chao mpaka wakane imani. Jinsi wengine walivyokimbia nchi, na waliobaki wakaimba zaburi zao porini kwa kujificha. Hata hapa Kanada, Wafaransa walipoitawala, Wahugenoti walikatazwa kuhamia. Nikapiga meza kama wewe: "Wachache si wanyonge!" Watoto wakacheka. Walinijibu kwa Kiingereza chao, lakini walinielewa.

Kisha mwanangu Neema akanyoosha mkono. Eti, kosa lao hasa lilikuwa nini? Nikamwambia walisali tofauti na wenzao, basi. Akauliza tena:

"Kama mama mkubwa Esta?"

Loo! Kanisani nani asiyejua kwamba dada yangu aliolewa na Mkatoliki, na kwamba kwa miaka tisa hukumtaja jina? "Watu waliacha nyumba na mashamba kwa ajili ya imani, wewe umeshindwa na harusi!" Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyomwambia. Anakaa Downsview, si mbali. Alikuja kwenye mazishi yako, akasimama nyuma kabisa kama mgeni, na mimi nikamwacha asimame huko. Hilo linanichoma mpaka leo.

Najua utakavyosema: Esta hakushikiwa bunduki, alichagua mwenyewe. Kweli. Lakini wewe uliyetuvusha mpaka wa nchi usiku tukikimbia, uliyejua uchungu wa kuambiwa wewe si wa hapa, ulimfungia mwanao mlango kwa sababu ileile ya yule mfalme. Sijawahi kuona mwalimu kama wewe, Baba. Na ulikosea. Ningekwambia haya ukiwa hai, ila nilikuogopa.

Nikamjibu Neema mbele ya wote: ndiyo, kama Esta. Jioni ile nikampigia dada simu. Tulilia kwanza, kisha tukakucheka, jinsi ulivyokuwa ukikohoa kila ukiona unashindwa kwenye mabishano.

Lala salama, Baba. Darasa lako sitaliacha, na habari za Wahugenoti wako nitazifundisha kila mwaka, pamoja na swali la Neema. Jumapili hii baada ya ibada Esta na mumewe wanakuja kula kwetu. Mama ameshaanza kutafuta majani ya muhogo ya kupika sombe. Nimemwomba shemeji abariki chakula. Atafanya ishara ya msalaba pale mezani, akiwa amekaa kwenye kiti chako, na sisi sote tutaitikia Amina.

Mwanao,
Rebeka