Jua la Msibani

Jumatatu, 8 Juni

Nashona sare za shule tangu asubuhi. Kola, vifungo, mapindo. Soko la Mwanga limejaa na mimi nina hasira. Mariamu kalala tena bila kula. Nilimpikia uji wa muhogo, mwepesi kama maji, akanywa kidogo akasukuma bakuli. Kidonda cha ndani ya shavu kimekua. Sasa kinaonekana hata kwa nje, kama mtu aliyeweka karanga mdomoni akakataa kuimeza.

Wenzangu sokoni wanashangaa. Umeona wapi mtu anamuuguza mke mwenza? Mume wetu Rashidi alivuka ziwa kwenda Kalemie na mzigo wa chumvi, hakurudi. Kazuiwa na vita au na mwanamke, sijui, na sijali tena. Kaniachia Mrundi wake. Basi Mrundi huyu ndiye jamaa niliyebaki naye. Wakishangaa na washangae.

Jumatano, 10 Juni

Hospitali. Daktari mgeni, mrefu, Kiswahili chake cha kujifunza ukubwani. Akikwama, nesi anamsaidia. Kansa, tulikwisha ambiwa. Leo ametaja dawa ya majaribio. Neno hilo kalitamka wazi, hakulificha, na kwa hilo nimempenda.

Wanaichoma kwenye mshipa. Inatembea mwili mzima. Nyama nzima huitoa upesi, uvimbe huing'ang'ania. Siku mbili baadaye wanaumulika uvimbe peke yake kwa taa nyekundu, dawa inaamka na kuua pale pale ilipo. Ulimi unabaki. Shavu linabaki. Kisu kingemwondolea nusu ya uso. Mzunguko wa kwanza sasa, wa pili mwezi ujao ngozi ikiwa salama.

Sharti ni moja. Ngozi nayo hubaki na dawa kwa wiki kadhaa. Asitoke juani hata kidogo, litamuunguza.

Mariamu akauliza swali moja tu. "Na msibani?"

Nesi akacheka. Mimi pia. Daktari hakuelewa tunacheka nini. Nesi akamwambia hapana, mama, hata msibani.

Alhamisi, 11 Juni

Kachomwa sindano. Tumerudi kwa gari la hospitali, kafunikwa blanketi kama mwizi.

Nimepigilia blanketi dirishani. Nimepanda juu ya kiti nikaziba matundu ya misumari kwenye bati kwa sabuni ya kipande. Kulikuwa na vijitone vya jua sakafuni, sasa hakuna hata kimoja. Nesi alisema mwanga mdogo wa ndani haudhuru, hata una faida. Sikumsikiliza. Nesi hajawahi kukaa chini ya bati la Ujiji mwezi wa sita.

Jumamosi, 13 Juni

Taa. Sikuruhusiwa kuingia. Mariamu alitoka akanishika mkono. Maumivu makali. Nililia chooni ili asinione.

Alhamisi, 18 Juni

Uvimbe umekuwa mweusi, unameguka. Unanuka. Nilidhani ndiyo mwisho, kumbe daktari kafurahi, kasema ndivyo unavyokufa. Nyama ya pembeni ni nyekundu, hai. Nimeiona kwa macho yangu. Kimekufa kilichotakiwa kufa na jirani yake hakuguswa.

Leo kanywa supu ya samaki mgebuka, bakuli zima. Akaniita mukeba wanje. Kwao ndilo jina la mke mwenza, na ni tusi kidogo. Nikamwambia mukeba wako ni yule wa Kalemie. Akacheka huku kashika shavu.

Sijawahi kuwa na furaha hivi tangu Rashidi aondoke. Pengine hata kabla.

Jumanne, 23 Juni

Anachoka na giza. Anashona vifungo vyangu kwa kupapasa. Anasikiliza mtaa kupitia ukutani. Nani kajifungua, nani kagombana, nani mgonjwa. Mgonjwa ni Bi Tausi, jirani wa mbele. Kila nikirudi ananiuliza hali yake kabla hajanisalimu.

Najua sababu. Mwaka jana askari walipopita kuwakusanya wakimbizi wanaoishi mitaani warudi kambini, Bi Tausi alisimama mlangoni kwetu na kanga yake moja. Akasema, "Huyu ni mwanangu, mwacheni." Mama yule hana hata meno. Wakamwacha.

Na mwiko upo pale ukutani, kwenye msumari wake. Mwiko mkubwa wa kusongea ugali wa watu mia. Mariamu aliununua kwa pesa yake ya kwanza hapa mjini. Kila msiba anakwenda nao, hata Katubuka, hata kwa mtu asiyemjua jina. Wa kwanza kuwasha moto, wa mwisho kuosha sufuria. Mimi huenda misibani nikakaa jamvini nikala. Nimemtania sana kwa mwiko ule. Humwambia kwamba wafu wa Kigoma wanamsubiri afike ndipo wafe.

Jibu lake ni lile lile. "Mgeni asipozika wenyeji, atazikwa na nani?"

Jumapili, 28 Juni

Niandike tu.

Asubuhi na mapema nilikwenda Kidahwe kupeleka nguo za harusi. Nimerudi alasiri. Mlango wazi. Blanketi limeng'oka upande mmoja. Mwiko haupo ukutani.

Bi Tausi amefariki alfajiri. Sikuwa na habari, nilitoka kabla ya yowe kupigwa.

Nimemkuta Mariamu uani kwa marehemu, penye mafiga. Kajitanda ushungi hadi kwenye nyusi. Kavaa soksi mikononi. Soksi za Rashidi! Uso wote nje. Anasonga ugali, na wanawake wanamwambia mwenzetu nenda kapumzike, naye hasikii. Tangu asubuhi yuko pale.

Nimepiga kelele mbele ya msiba. Sijali. Nimemvuta. Njiani kaniambia hakukaa juani, alikuwa upande wa moshi. Moshi ulimficha, ndivyo anavyoamini. Tumekua tukiambiwa moshi hufukuza kila kitu, mbu, mvua, shetani.

Jumatatu, 29 Juni

Uso umevimba. Macho hayafunguki. Malengelenge kuanzia paji la uso hadi kidevu. Usiku kucha alikuwa akiita Mana yanje, Mana yanje, yaani Mungu wangu kwa lugha yao.

Nina hasira naye. Nina hasira na Bi Tausi kwa kufa Jumapili. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 3 Julai

Kalazwa. Malengelenge yamepasuka, mengine yametunga usaha. Mdomo haufunguki, hata kijiko hakipiti. Nilidhani daktari atanigombeza. Hakugombeza. Kakaa kitini akauliza ni nani aliyekufa. Nesi akamweleza Bi Tausi alikuwa nani. Akasema kwao watu wanatuma maua.

Mariamu kamwambia pole, kwa kunong'ona. Yeye ndiye aliyempa daktari pole.

Jumatano, 15 Julai

Leo ndiyo ilikuwa siku ya taa ya pili. Haikuwezekana. Ngozi bado mbichi na taya halifunguki. Daktari na wageni wenzake wanaondoka mwisho wa mwezi na taa yao. Mkataba wao umekwisha, na majambazi wa barabara za huku wamewatia hofu.

Kuna tezi shingoni. Mbili, ngumu. Daktari kazipapasa akanitazama.

Nilimfuata kwenye ukumbi nikamuuliza waziwazi. Ni jua lililommaliza? Kasema hajui. Tezi huenda zilikuwepo tangu mwanzo, ndogo, na taa haifiki huko, inaua inapomulika tu. Huenda angepona. Huenda asingepona hata angekaa gizani mwaka mzima. Ndiyo maana inaitwa majaribio.

Nilitaka aseme ndiyo, au aseme hapana. Ningepata pa kuiweka hasira yangu. Sasa ninatembea nayo.

Jumapili, 9 Agosti

Tuko nyumbani. La kuvunda halina ubani. Nesi anakuja na dawa ya maumivu, haitoshi.

Asubuhi shangazi wa Rashidi alikuja kumjulia hali. Kamlaumu mgonjwa kitandani kwake. Nani alikutuma, ungekaa ndani ungekuwa mzima. Maneno yale yale ninayoyasema mimi moyoni. Nikamtoa nje. Mimi naweza kuyasema, yeye hawezi.

Alipoondoka Mariamu kaongea, polepole, kwa shavu moja. Sijawahi kumsikia akiyasema haya. Walipokuwa wakikimbia, mama yake alishindwa njiani, juu milimani kabla ya kuliona ziwa. Walimfunika majani ya mgomba. Hawakuwa na jembe, na milio ya bunduki ilikuwa nyuma yao. Asubuhi wakaendelea. Mpaka leo hajui kama kuna aliyemfukia.

Kasema, "Kwa Bi Tausi nilizika wawili."

Nimetoka nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Jumanne, 8 Septemba

Ameomba niondoe blanketi dirishani. Nimeliondoa. Jua halimdhuru tena, dawa ilikwisha kutoka mwilini zamani. Kaangalia nje mchana kutwa. Nje hakuna kitu, ukuta wa jirani na kuku.

Kaniuliza kama watu watakuja. Nimemwambia usiseme upuuzi. Nilipaswa kusema ndiyo. Sikusema kwa sababu nilikuwa na hofu hiyo hiyo. Mgeni, mume hayupo, mtoto hana. Nani atafunga duka lake kwa ajili ya Mrundi?

Ijumaa, 11 Septemba

Mariamu amefariki asubuhi. Nilikuwa nimemshika mguu.

Jumamosi, 12 Septemba

Walikuja.

Sijui niandikeje. Nilipotoka jana kwenda kuwaambia majirani, nilidhani nitagonga milango. Sikugonga hata mmoja, habari zilinitangulia. Wanawake walikuwa wakija na ndoo kichwani. Kutoka Katubuka. Kutoka Mwanga. Wengine sijawaona maishani. Mmoja kasema Mariamu alimsongea ugali msibani kwa mumewe, mwingine kwa mtoto wake. Mafiga yakawekwa hadi njiani. Maturubai hayakutosha, watu wakakaa juani.

Wanawe Bi Tausi ndio waliochimba. Mkubwa wao aliingia kaburini kumpokea. Imamu akauliza nani ndugu wa marehemu, wakajibu wote wawili, sisi.

Nilimtafuta mtu wa kumchukia, hakuwepo. Nimelia mbele za watu kwa sauti.

Alasiri daktari wa zamu, mgeni naye hapa mjini, alikuja na nesi. Siyo yule mrefu, yule alikwisha kwenda. Alisimama pembeni asijue aketi wapi. Nikamtilia chakula. Nikamwambia kula, hivi ndivyo tunavyofanya.

Jumapili, 20 Septemba

Nimerudi kwenye cherehani tangu Alhamisi. Sare nyingine. Shavu lile ninaliota, lile jekundu, hai, la pembeni ya kidonda. Taa ilifanya kazi yake pale ilipofika. Nataka nilikumbuke hilo pia.

Sabuni kwenye bati imeanza kukauka na kudondoka. Vijitone vya jua vimerudi sakafuni, kwenye mkeka wake. Sikuziba.

Leo mchana kumetokea msiba mtaa wa pili. Mzee mmoja mvuvi, simjui, sijawahi hata kumsikia. Nilikaa kidogo. Kisha nikatoa mwiko kwenye msumari nikaenda. Ni mzito kuliko nilivyodhani, na mimi ugali wa wengi sijui kuusonga, ulitoka na madonge. Watu wakaula hivyo hivyo. Jua lilikuwa kali. Nimekaa mpaka sufuria ya mwisho ikaoshwa.