Masikio ya Komandoo

Jumanne, 8 Julai
Nimefyatua matofali tangu asubuhi. Mgongo umekufa. Mbwa wetu Komandoo amelala kando ya tanuri, masikio chini kama majani ya mgomba juani. Tajiri wetu alimnunua kule Rulenge akiwa mdogo, akaambiwa ni uzao wa mbwa wa polisi, masikio yatasimama. Ana miezi minane sasa. Leo tajiri amesema yasiposimama hadi Jumapili, anamtoa. Eti wezi wa matofali watamcheka. Mimi ndiye ninayemlisha, ukoko wa ugali kila mchana. Hapa Nyakanazi sina mwingine. Kwetu Manyoni ni mbali.

Jumatano, 9 Julai
Nimeyafunga masikio kwa vijiti na kamba za mgomba. Kwetu mguu wa mbuzi uliovunjika hufungwa hivyo, unanyooka. Mama Domina, mpishi wetu, amecheka. "Baba, unamvika taji?"

Ijumaa, 11 Julai
Nimefungua. Yameanguka palepale. Chini ya kamba, kidonda. Amelia nilipomgusa, lakini hakuniuma. Afadhali angeniuma.

Jumamosi, 12 Julai
Bwana mifugo amepita kwa jirani, nikamwita. Akaminya sikio la mbwa, kisha akaniambia nishike langu. Ndani kuna gegedu, kile kitu kigumu kinachopinda. Likiwa imara, sikio husimama. Likiwa laini, au sikio likiwa zito, hulala. Ni hali ya kuzaliwa, kamba haisaidii. Anasema tangu zamani watu walizalisha mbwa wapole, na wengi wakatoka na masikio hivi. Kwa nini hasa, wataalamu bado wanabishana. Kusikia anasikia vizuri. Akanipa dawa ya kidonda na kunigombeza. Nimestahili.

Nimemweleza tajiri yote. Amesema mwizi hajui gegedu.

Jumapili, 13 Julai
Mama Domina amemwomba tajiri ampe mbwa, akalinde mihogo ya kwao Ntobeye. "Nyani haulizi masikio," amesema. Tajiri amekubali hata kabla hajamaliza. Kaka yake Mama Domina amempakia kwenye lori la ndizi. Mimi hakuna aliyeniuliza. Nimekasirika, hata shikamoo za vijana sikuitikia.

Jumanne, 15 Julai
Tumepanga tanuri. Kamba zilizobaki nimefungia kuni. Mchana nimekwangua ukoko wa ugali, nikauweka pembeni kama kawaida. Baadaye nikaula mwenyewe.