Ramani ya Pindo la Shela

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe uliyeishika barua hii, na kwa kinywa chako nawasalimu wote walioketi hapo. Baba Mkubwa, shikamoo. Goti linasemaje, na je, kile kiti cha mgongo mrefu umepewa, au wamekukalisha tena kwenye kochi linalokumeza? Shangazi, shikamoo. Mama, shikamoo nawe, ingawa tutakuwa tumeagana mlangoni asubuhi ya kikao hiki. Wifi yangu, mwenye nyumba, habari za kazi na za maandalizi? Na wewe binti yetu, bibi harusi, ambaye bibi yako hakuiti kwa jina lingine ila mke mwenzangu, u hali gani? Mimi ni mzima. Mafua yameniachia sauti ya chura, na wanafunzi wangu wanaifurahia kuliko wanavyoifurahia hesabu ninayowafundisha.

Ningependa kuwa nanyi, lakini usimamizi wa mitihani umenifunga. Hata hivyo, ningekuwepo pia ningeandika. Mama ndiye aliyetaka iwe barua. Alisema kwamba mambo haya akiyatamka mwenyewe kikaoni, wifi yake atamdaka maneno kabla hajameza mate, ilhali barua haidakwi. Shangazi, usiudhike, alilisema akicheka, na akaongeza kwamba wewe mwenyewe ungemwambia vivyo hivyo. Nimemsomea barua yote kabla ya kuifunga, naye ameikubali neno kwa neno. Kwa hiyo namwomba Kaka aisome hadi mwisho, asiruke mahali, hata atakapofika panapomgusa yeye.

Mtakumbuka tulivyoachana katika kikao kilichopita. Wifi alitaka shela la binti yake lipambwe pindo la lesi ya mkono, la majani yaleyale ambayo Mama alimsukia yeye alipoolewa, na baadaye akanisukia mimi. Shangazi akashauri tununue lesi ya mashine, kwa kuwa Mama amechoka na siku ya harusi haimsubiri mtu. Baba Mkubwa akaamua kwamba nitafute uzi unaofaa na ramani inayofaa, nilete majibu. Nikikosa, twende dukani. Mama hakusema kitu siku ile. Alikuwa akikunja na kukunjua kona ya kitambaa cha meza. Nami nikabeba jukumu nikijua kwamba ninachotafuta si uzi tu. Nilikuwa natafuta kama Mama ataendelea kuketi mbele ya mto wake wa kusukia au la.

Kwa ajili ya bibi harusi, ambaye hajawahi kuikaribia kazi hii, nieleze kidogo. Lesi ya mkono husukwa juu ya mto mgumu uliojazwa maranda ya mbao. Juu ya mto hulazwa kadi yenye vitundu vilivyotobolewa kwa kufuata miraba, nasi nyumbani tunaiita ramani, kwa sababu ndiyo inayoonyesha uzi upite wapi. Nyuzi huzungushiwa vijiti vya mbao, navyo huenda viwiliviwili kama watu wanaotembea wameshikana mikono. Hupishanishwa, husokotwa, kila kitundu huchomekwa pini ili kazi isikimbie, kisha jozi moja huhamia upande wa pili na nyingine ikaja kuchukua nafasi yake. Siri ya kazi ni uzi na miraba kupatana. Uzi mwembamba kwenye miraba mipana hutoa lesi iliyolegea kama mfuko wa wavu wa kubebea vitunguu. Uzi mnene kwenye miraba midogo hutoa kitu kigumu kinachojikunja, ambacho Mama hukiita kola ya polisi.

Ramani ya zamani ni ya miraba midogo sana, na uzi wa kitani ulioifaa hautengenezwi tena. Yalibaki masalio meupe ndani ya kopo la biskuti. Nikapita maduka ya nyuzi, nikaleta vipande vya majaribio, nikavizungusha kwenye rula mzunguko kando ya mzunguko ili nilinganishe unene. Mama hakuitaka rula yangu. Alichukua kila uzi, akauviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akautolea hukumu. Mmoja una manyoya kama paka aliyenyeshewa. Mwingine umesokotwa na mtu mwenye haraka. Wa tatu alisema ni mzuri sana kwa kufungia magunia. Akawa ananitaka nimsomee lebo, akilalamika kwamba maandishi ya siku hizi yameandikwa kwa ajili ya siafu. Nikamsomea bila kuwaza lolote.

Hapo ndipo kifurushi cha Shangazi kilipofika. Shangazi alikuwa ameipinga kazi hii, lakini hakutaka isemwe kwamba alipinga bila kusaidia, basi akaenda dukani akaomba uzi wa namba kubwa kuliko zote, akiamini ananunua uzi mnene wa heshima. Nyuzi hizi, Shangazi, namba ikipanda unene hushuka. Ulituletea utando wa buibui. Mama aliushika, akauviringisha vidoleni, kisha akasema kwamba wifi yake, katika kumkomoa, amemletea uzi uleule alioutafuta miaka yote. Siku nzima alikuwa anacheka peke yake jikoni. Unene ulikuwa wenyewe, msokoto wenyewe, ulaini wenyewe. Kasoro ilikuwa moja: rangi. Uzi ule ulikuwa wa rangi ya maziwa yaliyochemka, na wa kwenye kopo ulikuwa mweupe kabisa.

Sikumtajia rangi, maana nilidhani ameiona. Nilikwenda shuleni, naye akabaki anazungushia vijiti. Niliporudi alikuwa amesuka kipande kirefu kama kiganja, kimebanwa kwa pini juu ya mto, na majani yake yamekaa sawasawa. Sikuona jicho hata moja la lesi lililopotea. Lakini katikati ya weupe kulikuwa na mistari ya rangi ya maziwa, ikikatiza mshazari kutoka ukingo hadi ukingo, ikigongana, ikirudi. Alikuwa amechanganya mabunda yale mawili, na kila jozi iliyohama ilikuwa imehama na rangi yake.

Nikaona ni ubunifu. Nikamsifu kwa moyo mmoja, nikamwambia kwamba sikuwahi kufikiri rangi mbili zinaweza kupendeza hivyo katika pindo la majani. Mikono yake ikasimama juu ya vijiti. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi imezidi, kama tofauti inaonekana sana.

Kaka, hapa nakuomba usome taratibu.

Mama haoni vizuri. Si uzee wa kawaida wa macho unaotibiwa kwa miwani. Anaona pembeni, lakini kile anachokitazama moja kwa moja kimefunikwa na kivuli. Akikutazama usoni haoni uso wako. Anaona mabega, na sauti inamwambia mabega ni ya nani. Hali hii haikuanza jana. Nilipomuuliza kwa nini alinificha mimi ninayelala chumba cha pili, aliniuliza kati yetu wawili ni nani asiyeona, maana yeye alikuwa amenificha mbele ya macho yangu.

Kisha akanipa sababu, na hii ndiyo aliyonisisitiza niiandike kama alivyoisema. Alisema kwamba alipounguza sufuria, Kaka alikuja akaondoa jiko la gesi, kwa upendo. Alipojikwaa, Wifi akaondoa kile kigoda cha kupandia kabatini, kwa upendo. Mkasi wake mkubwa niliuondoa mimi, kwa upendo uleule. Akajua kwamba siku atakapotamka neno macho, utaondoka mto, nao utaondoka kwa upendo, na hatakuwa na mtu wa kumlaumu. Ndiyo maana siku ile kikaoni alinyamaza.

Nilimpeleka kwa daktari. Daktari alisema kwamba kivuli hakitaondoka, na kwamba kusuka hakutakiongeza wala kukipunguza. Mama alimwuliza swali moja tu, kama vidole navyo hupatwa na ugonjwa huo. Daktari akasema hapana. Mama akainuka, akachukua mkoba wake, akaniambia twende nyumbani.

Baada ya hapo niliketi na karatasi ya miraba nikachora ramani upya. Majani ni yaleyale, lakini nimeipanua miraba ili kila kitundu kitambulike kwa ncha ya kidole, na kwa kuwa miraba imepanuka, nimetafuta uzi wa kitani mnene zaidi unaopatana nayo. Niliogopa kwamba Mama angeisikitikia ramani ya zamani. Aliipapasa mpya kutoka juu hadi chini, akasema kwamba jani la tangu harusi ya Wifi kama bado lingekuwa dogo, tungekuwa na sababu ya kulipeleka hospitali. Uzi utakuwa wa rangi moja na utanunuliwa bunda moja, ili mtu asihitaji macho kuutenganisha. Uzi wa Shangazi hautatupwa. Mama ameuweka kando, na amesema atauzeesha hadi wifi yake atakapokuja mwenyewe kujifunza namba.

Ndani ya bahasha mtakuta kile kipande cha mistari. Kipitisheni mkono kwa mkono, kianzie kwa Baba Mkubwa kiishie kwa bibi harusi. Kila mmoja afumbe macho akipapase, kama Mama alivyokisuka. Baba Mkubwa ni hodari wa kufumba macho vikaoni, basi atuongoze. Atakayekuta kosa kwa kidole chake, alitaje hapohapo.

Sasa nifike mwisho. Nilitumwa kuleta majibu kama uzi na ramani vimepatikana, nami najibu kwamba vimepatikana. Kuhusu nani atasuka, Mama ameshaamua, na kikao hakiombwi kumwamulia: pindo la shela la mke mwenzake atalisuka yeye, na mto hautatoka chumbani kwake. Lesi ya dukani isinunuliwe. Kinachobaki kwenu ni kimoja. Kazi hii inataka macho ya kuazima, ya kuzungushia uzi vijitini, kuokota pini zilizoanguka, na kuangalia kama kuna kijiti kilichokatika uzi. Mama husuka mchana, wakati kuna joto vidoleni, nami nashinda shuleni. Anahitajika mtu wa kuja kuketi kando yake, na aje kwa ajili ya lesi, asije kumlinda. Mama anatofautisha, na atamfukuza wa aina ya pili.

Nisalimieni wote ambao hawakuweza kufika. Wifi, usimruhusu Mama aondoke bila sweta lake. Atang'ang'ania liachwe kwa sababu anasema lina kola ya polisi. Kaka, ahsante kwa kunisomea. Ukimaliza, kunywa maji.

Jambo la mwisho. Ukishaikunja barua hii, Baba Mkubwa atauliza nani atakwenda. Nawaomba msiitikie kwa kichwa, wala msiinue mkono. Mama yuko hapo anasubiri, na hataviona. Atakayekwenda aseme kwa sauti.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu