Mashine Tano Zilizobaki

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Bungoma. Wiki ya pili tangu nihame Tuwan. Karakana yangu ina lango, ina umeme wake – hakuna anayechungulia! Kule Tuwan, mjini Kitale, vibanda vya mafundi wa chuma vimebanana, na siri haikai. Mzee Mbogo, jirani yangu huko, aliiga mashine yangu ya kupukuchua mahindi, mwezi uliofuata akaanza kuuza yake. Nikamwita mwizi mbele ya watu wote. Sijuti.

Ushirika wa Cheptais unataka mashine kumi na mbili Ijumaa. Mahindi yao yanaota ukungu. Nikichelewa wataagiza kwingine, nami nitafunga. Saba ziko tayari; tano zimebakiza shafti tu, chuma cha katikati kinachozungusha mashine.

Jumatano, 5 Novemba
Shafti tano za mwisho zimefika zimepinda. Zote! Nimezunguka mji kutafuta wa kuzinyoosha. Mmoja anasema Jumatatu. Mwingine, mashine yake imekufa. Tuwan ningemwita tu Mbogo juu ya ukuta.

Wakoli, fundi wangu, ananuna. Ati kule tulikuwa tunamaliza mashine moja kwa siku, hapa siku mbili. "Na si mikono ni ile ile, madam?"

Ni ile ile. Chuoni niliandika kurasa arobaini kueleza kwa nini karakana zilizo pamoja huzalisha zaidi. Nikapata A. Kisha nikahama.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimempigia Mbogo. Akasema: "Aii! Leo mwizi anatafutwa na simu?"

Atanyoosha. Lakini nilete mashine zenyewe, zikiwa wazi – ati hawezi kunyoosha kitu hajui kinazungukia wapi. Uongo! Ndani kuna chekeche jipya nililobuni hapa, halivunji punje. Hakuna aliyeliona.

Wakoli ameshaanza kupakia. Hakuniuliza.

Ijumaa, 7 Novemba
Tuwan, saa nne asubuhi. Lori la Cheptais linaondoka Bungoma saa nane mchana. Naandika ndani ya pikapu.

Wacera, mchomeleaji wa kibanda cha pili, amekuja na mashine yake bila kuitwa. "Umekonda, msichana. Bungoma hawapikangi?" Kila mtu ameshika kitu. Shafti mbili tayari! Kazi inakwenda mbio mpaka naogopa.

Sasa Mbogo amevuta chekeche nje. Analigeuza juani. Wengine wanasogea.

"Haya matundu nani alikata hivi?"

Wakoli ananiangalia. Mbogo ametoa futi mfukoni, bado hajaikunjua.

"Injinia, nipime ama niache?"

Shafti tatu bado zimepinda, ziko chini, miguuni pake.